Minyoo kwenye utumbo wa perege: saidia kinga ya samaki kabla ya kutafuta dawa

Umemtumbua perege wa bwawani kwako, ukaona kitu cheupe kimeng'ang'ania ndani ya utumbo. Mtu wa Pemba hana haja ya kuelezwa minyoo ni nini. Watoto wa skuli kisiwani hapa wamekuwa wakipewa vidonge vya minyoo tangu miaka ya 1990, na tangu Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ilipofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, Pemba imekuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa sana duniani kwa minyoo wa tumbo na kichocho. Kwa hiyo fikra ya kwanza inayomjia mfugaji ni kidonge. Kama kilimfaa mtoto, kwa nini kisimfae samaki?

Nakuomba kidonge ukiweke pembeni kwanza. Samaki ana kinga yake mwenyewe, inayopambana na minyoo usiku na mchana, na inaposhindwa mara nyingi chanzo ni namna bwawa linavyoendeshwa. Ukiijua kinga hiyo inavyofanya kazi, utajua pa kuisaidia na pa kutoiingilia.

Mwongozo huu ni kwa mwenye bwawa la maji matamu, anayefuga perege au kambare. Mfugaji wa mwatiko kwenye maji ya chumvi ana minyoo wengine na kanuni nyingine.

MNYOO AKIFIKA UTUMBONI, MWILI WA SAMAKI HUFANYA NINI?

Samaki hatengenezi damu ndani ya mifupa kama sisi. Seli zake za kinga hutoka zaidi katika sehemu ya mbele ya figo, iliyojificha nyuma ya kichwa chini ya uti wa mgongo, zikisaidiwa na wengu. Utumbo nao una walinzi wake wa kudumu, na hapo ndipo vita vya minyoo huanzia.

Kizuizi cha kwanza ni ute. Ukuta wa utumbo hutoa ute bila kukoma, na mnyoo akiingia, seli za ute huongezeka. Ute humtelezesha mnyoo mchanga kabla hajapata pa kushika, na ndani yake mna kemikali zinazomdhoofisha. Minyoo wengi huishia hapo, hutolewa na kinyesi, nawe hujui kama waliwahi kuingia.

Anayepenya ute hushika ukuta. Mnyoo wa utumboni anayejulikana sana kwa perege wa Afrika ni kichwa-miiba, kwa jina la kitaalamu Acanthogyrus tilapiae. Ni mdogo, urefu wake milimita chache tu, na mbele ana kichomeo chenye miiba iliyopinda kama ndoana. Anapochoma, seli za ulinzi hukusanyika palepale: nyingine zimejaa chembechembe za kemikali na huzimwaga kumzunguka mnyoo, nyingine huja na damu kumeza uchafu na vijidudu vinavyotaka kuingilia kidondani. Sehemu hiyo huvimba na kuwa nyekundu. Mnyoo akikaa muda mrefu, mwili huanza kufuma nyuzi za kovu pale alipojichomeka. Jamaa yake wa mito ya Ulaya, Pomphorhynchus laevis, hutoboa ukuta mzima wa utumbo, na vinundu vya kovu huonekana hata ukiutazama utumbo kwa nje. Kinundu cha namna hiyo hakikutengenezwa na mnyoo. Ni samaki aliyemjengea uzio.

Kinga ya tatu huchelewa, lakini hulenga adui mahususi. Hizi ni kingamwili. Samaki ana aina iitwayo IgM, na nyingine iitwayo IgT, iliyogunduliwa mwaka 2005, ambayo kazi yake kubwa ni kulinda utumbo, matamvua na ngozi. Kuzitengeneza huchukua siku hadi wiki kadhaa, na kasi yake hufuata joto la maji, kwa sababu joto la mwili wa samaki ndilo joto la maji aliyomo. Katika nchi za baridi kinga hii hulegea majira ya kipupwe. Maji ya mabwawa ya Pemba ni vuguvugu mwaka mzima, kwa hiyo samaki wako hana msimu wa kinga kulala. Lakini na mnyoo hana msimu wa kulala. Mayai yake huanguliwa Januari kama yanavyoanguliwa Julai.

Kinga ina bei yake

Sehemu hii isome taratibu, maana ndiyo inayobeba hatua zote zinazofuata.

Kuvimba, kutoa ute na kufuma kovu hula protini na nguvu ambazo samaki angezitumia kukua na kuzaa. Katika maziwa ya Kisiwa cha Vancouver, Kanada, wapo samaki wadogo waitwao stikilibaki wanaoingiwa na tegu, ambaye hutoboa utumbo na kukaa kwenye uwazi wa tumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba samaki wa ziwa mojawapo hujenga kovu zito tumboni, na tegu hudumaa. Lakini kovu hilohilo huwapunguzia majike uzazi. Katika ziwa jingine samaki wameacha kujenga kovu kwa nguvu hiyo. Wanamvumilia mnyoo na wanaendelea kuzaa.

Maana yake kwako ni hii: usilenge kupata bwawa ambalo samaki hana mnyoo hata mmoja. Samaki mwenye minyoo watatu, anayekula vizuri na kunenepa, ameshafanya hesabu yake na anaimudu. Kazi yako ni kuhakikisha minyoo wapya hawamiminiki kila siku, na kwamba samaki ana chakula na pumzi ya kulipia kinga yake.

Kinachoivunja kinga hiyo zaidi ya yote ni mateso ya muda mrefu. Samaki aliyebanana, anayekosa hewa kila alfajiri au anayevuliwa na kurudishwa mara kwa mara hutoa homoni iitwayo kotisoli. Ikikaa juu kwa siku nyingi, kotisoli hupunguza seli za ulinzi na kuchelewesha kingamwili. Minyoo walewale watatu sasa wanakuwa mzigo.

MNYOO HUINGILIA WAPI?

Minyoo wengi wa ndani ya samaki hawaambukizi moja kwa moja kutoka samaki hadi samaki. Lazima wapitie kwa kiumbe mwingine kwanza, na hilo ni jambo la heri kwa mfugaji, kwa kuwa mnyororo hukatika popote utakapoukata.

Kichwa-miiba na tegu hupitia kwa wadudu wadogo mno wanaoelea majini, jamii moja na uduvi, ambao samaki huwala. Minyoo bapa wengi huanzia kwa konokono. Kisha wapo wanaomtumia samaki kama kituo tu, wakingoja aliwe na ndege: Contracaecum ni mmoja wao. Lava wake, yaani mnyoo mchanga, aliyejikunja na mwenye urefu wa sentimita kadhaa, hukaa kwenye uwazi wa tumbo au karibu na moyo wa perege, na hukomaa ndani ya mnandi na ndege wengine wala samaki. Perege wa Ziwa Naivasha, Kenya, wamejulikana kuwa naye tangu miaka ya 1970. Mnandi mmoja anayetua bwawani kwako kila jioni anatosha kuyapanda mayai yake majini.

Kambare ana minyoo wake wengine, kwa kuwa hula nyama na kuchokonoa tope. Hatua za kinga, hata hivyo, ni zilezile.

HATUA ZA KUFUATA

1. Watenge vifaranga wageni. Minyoo husafiri na vifaranga kuliko kwa njia nyingine yoyote. Tegu mmoja wa Asia ya Mashariki, anayewashambulia hasa samaki jamii ya kapu, alienea Ulaya, Marekani hadi Afrika Kusini ndani ya matumbo ya kapu waliopelekwa kufugwa. Vifaranga wako, wawe wametoka Unguja, bara au kwa jirani, waweke kwenye tangi peke yao kwa wiki tatu. Wachache wakifa, wapasue na uwatazame. Maji ya tangi hilo usiyamwage bwawani. Yamwage kwenye migomba.

2. Anza na bwawa lililokauka. Baada ya kuvuna, toa maji yote na uache jua lipasue tope. Wiki mbili za kiangazi zinatosha. Vidimbwi vilivyobaki vikaushe pia, kwani humo ndimo wadudu wa maji na konokono hujificha. Kisha mwaga chokaa iliyochomwa, kilo 10 kwa kila mita 100 za mraba, ukiisambaza hasa penye unyevu. Bwawa la mita 10 kwa 20 linahitaji kilo 20. Acha wiki moja hadi mbili kabla ya kujaza maji na kurudisha samaki.

*Tahadhari:* chokaa huunguza macho na ngozi. Vaa viatu, glavu na kitu cha kufunika macho na pua, simama upepo uwe mgongoni, na usiwaruhusu watoto kusaidia kazi hii.

3. Chuja maji yanayoingia. Mabwawa mengi yanayochimbwa mabondeni hupokea maji ya mto mdogo au ya konde za mpunga. Funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kuingizia. Hautazuia wadudu wadogo kabisa, lakini utazuia konokono na samaki wa mwituni wanaokuja na minyoo yao. Usafishe kila siku wakati wa masika, ama sivyo utaziba na maji yatapita juu.

4. Usijaze samaki kupita uwezo. Kwa bwawa la udongo lisilo na mashine ya hewa, perege 2 hadi 3 kwa kila mita moja ya mraba. Bwawa letu la mita 200 za mraba libebe 400 hadi 600. Perege huzaliana upesi, kwa hiyo punguza watoto kila wanapoongezeka. Wengi wamepanda 400 na baada ya miezi kadhaa wakawa na maelfu ya samaki waliodumaa, kisha wakalaumu minyoo.

5. Lisha ili kinga iwe na cha kutumia. Pumba za mpunga peke yake zinashibisha bila kujenga. Changanya na dagaa waliokaushwa na kutwangwa, pamoja na mashudu ukiyapata. Kwa samaki wanaokua, toa chakula cha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku: samaki 400 wa gramu 50 ni kilo 20, kwa hiyo gramu 600, ukigawa asubuhi na alasiri. Chakula kikibaki kinaelea baada ya robo saa, punguza. Mabaki huoza na kula hewa ya samaki usiku.

6. Angalia bwawa alfajiri. Samaki wakipanda juu na kupwita midomo kabla ya jua kuchomoza, wanakosa hewa. Simamisha chakula na mbolea siku hiyo, ingiza maji mapya kwa kuyarusha ili yapate hewa, na uchunguze kama umewajaza mno.

7. Wanyime ndege pa kutua. Kata matawi yanayoning'inia juu ya maji na matete ya ukingoni. Tandaza nyuzi juu ya bwawa, umbali wa hatua moja moja, au funika kwa wavu bwawa likiwa dogo. Usiwaue, kuziba njia kunatosha.

8. Matumbo yasirudi majini. Kutumbulia samaki ukingoni na kutupa matumbo bwawani ni tabia iliyoenea na mbaya kuliko zote. Kambare huyala mabichi, na mayai ya minyoo hurudi yalikotoka. Yafukie mbali na maji. Ukitaka kumpa paka, yachemshe kwanza.

KISANDUKU: KWA NINI USITIE VIDONGE VYA MINYOO BWAWANI

- Kidonge cha mtoto kimepimwa kwa mwili wa mtoto. Ukikiyeyusha katika maji ya bwawa, hakuna ajuaye samaki gani amepata kiasi gani.
- Dozi ndogo isiyoua hufundisha minyoo kustahimili dawa, na dawa hizi tunazihitaji kwa watoto wetu.
- Dawa hubaki kwenye nyama. Utakayemuuzia samaki hakukuomba dawa.
- Mnyororo hubaki vilevile. Hata minyoo wote wakifa leo, wadudu wa majini na ndege watawarudisha.
- Chumvi nayo ina mipaka. Kuwaosha samaki kwa maji ya gramu 10 za chumvi kwa lita kwa dakika 10 husaidia dhidi ya wadudu wa ngozi na matamvua. Mnyoo aliye utumboni haifiki.

Dawa ya samaki ipo pale inapohitajika kweli, huchanganywa kwenye chakula, na huamuliwa na mtaalamu aliyemwona mnyoo mwenyewe.

JINSI YA KUPASUA NA KUSOMA UTUMBO

Usihukumu kwa kuangalia bwawa tu. Tumbo kubwa kwenye mwili uliokonda, kinyesi cheupe kirefu na kususa chakula vinaweza kuwa vya minyoo, lakini huletwa pia na njaa na maradhi mengine. Kisu kitakwambia zaidi.

1. Chukua samaki watano dhaifu na watano wanene wa bwawa lilelile. Hili wengi hawalifanyi: humpasua aliyekonda tu, wakakuta minyoo, wakaridhika kwamba jibu limepatikana. Wanene wakiwa na minyoo kiasi kilekile, basi kinachowakondesha wale wengine ni kitu kingine; anza kukitafuta kwenye hewa na chakula.
2. Muue samaki upesi kwa pigo moja kichwani. Kata kutoka tundu la haja kuelekea kichwani kwa makasi, ncha ikielekea juu ili usitoboe utumbo.
3. Kabla hujagusa chochote, tazama uwazi wa tumbo na karibu na moyo. Vilivyojikunja hapo, vyeupe au vyekundu, yaelekea ni lava wanaongoja ndege.
4. Toa utumbo taratibu. Utumbo wa perege ni mwembamba na mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, umejiviringa, usiuvute, ukunjue.
5. Utie kwenye sahani nyeusi yenye maji safi na chumvi kidogo, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu lita. Upasue kwa urefu, kipande kwa kipande.
6. Vuta mnyoo kwa ncha ya sindano. Uchafu na ute huondoka mara moja. Kichwa-miiba hung'ang'ania, na ukuta wa utumbo huinuka naye kidogo kabla hajaachia. Tegu ni bapa na mara nyingi ana pingili. Minyoo duara hupindapinda.
7. Hesabu, na andika: tarehe, urefu wa samaki, unene wake, idadi ya minyoo, hali ya ukuta. Ukuta mwekundu wenye vinundu unaonyesha kinga iliyo kazini.

Fanya hivi kila baada ya miezi mitatu, na mara moja zaidi baada ya masika, maji yanapokuwa yamefurika kutoka mabondeni. Idadi inayopanda kutoka pasuo moja hadi jingine ina uzito kuliko idadi ya siku moja.

KISANDUKU: NA WEWE UNAYEINGIA MAJINI

Minyoo wa utumboni mwa perege hawamwingii mtu kwa kusimama bwawani. Kichocho humwingia. Konokono Bulinus globosus, anayesambaza kichocho cha mkojo Zanzibar, huishi kwenye mito midogo, madimbwi na mabonde ya mpunga, na bwawa la samaki lenye majani ukingoni linamfaa vilevile. Mpango mkubwa wa mwaka 2011 hadi 2017 ulipunguza sana kichocho Unguja na Pemba, lakini bado kuna vijiji ambako maambukizi hurudi.

☐ Vaa buti za mpira unapoingia bwawani.
☐ Ng'oa majani ya ukingoni. Konokono hutaga humo.
☐ Mtu yeyote asikojoe majini wala karibu na maji.
☐ Watoto wasiogelee bwawani.
☐ Ukiona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya ukapimwe. Dawa yake ni prazikwanteli, tofauti na ile ya minyoo wa tumbo.

SAMAKI MWENYE MINYOO ANALIKA?

Analika, kama nyama yake ni nzima na ameiva barabara. Toa matumbo mapema baada ya kuvua, kwa kuwa baadhi ya lava huhama kutoka tumboni kwenda kwenye nyama samaki anapokaa bila kutumbuliwa. Osha, kisha kaanga au chemsha mpaka nyama iachie miba yenyewe. Kumwekea ndimu na chumvi hakuui minyoo.

UKIHITAJI MTAALAMU

Usingoje samaki wafe wote. Mtafute afisa uvuvi wa wilaya, au nenda ofisi ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi kisiwani, ukiona mojawapo ya haya: idadi ya minyoo imepanda mara mbili mfululizo, samaki wengi wanakonda ilhali hewa na chakula ni sawa, au umekuta mnyoo usiyemfahamu.

Maelezo ya mdomo hayatamtosha. Mchukulie minyoo wenyewe kwenye kichupa chenye spiriti, wakiwa wazima na kichwa chao. Ukimkata mnyoo kichwa, mtaalamu amepoteza sehemu ambayo angemtambua kwayo. Akigoma kuachia, kata kipande cha utumbo ukitie naye. Ndani ya kichupa weka karatasi yenye tarehe, jina la kijiji, aina ya samaki na mahali mnyoo alipokutwa. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu hufutika kwenye spiriti.